Kabla ya kununua mashine ya kukatia, jaribu programu yake

Anayenunua mashine ndogo ya kukatia karatasi na vinaili (ile plastiki nyembamba ya stika) ananunua vitu viwili, ingawa dukani hukagua kimoja. Atauliza upana wa mashine, atauliza bei ya visu, atauliza kama inakata ngozi na kitambaa. Programu ya kuchorea, ambayo atakaa nayo mezani saa nyingi kuliko anavyokaa na mashine yenyewe, haulizi habari zake. Akifika nyumbani ndipo anapokuta kwamba ua alilolihifadhi kwenye simu miaka miwili halikatiki, kwamba faili alilonunua halifunguki, au kwamba kila akitaka kukata jina la mtu anadaiwa ada ya mwezi.

Mtoto wa kaka yangu alinijia na fedha tayari. Anapamba maharusi kwa hina na piko, na alitaka kujikatia stensili mwenyewe badala ya kununua zilizokatwa tayari, ambazo kila mpambaji mjini anazo. Pembeni angetengeneza majina ya kuchomeka juu ya keki za sendofu. "Shangazi, ninunue ipi?" Nikamwambia wiki ile asinunue yoyote, aje na laptopu yake tu. Programu kubwa za mashine hizi hupakuliwa bure na hufunguka hata kama huna mashine: Design Space ya Cricut ukishajiandikisha, Silhouette Studio katika toleo lake la msingi, na Inkscape, ambayo si mali ya mtengenezaji wa mashine yoyote. Tulikaa jioni tatu. Haya ni yale niliyomweleza, na mengine tuliyoyaona pamoja.

Swali lake la kwanza ndilo linaloulizwa na wateja wangu wote. Picha ipo, ni nzuri, kwa nini mashine isiikate tu?

Kwa sababu mashine haina picha ndani yake. Picha ya simu imefumwa kama mkeka wa ukindu wenye rangi. Ukisimama mbali unaona ua. Ukiinamisha uso unaona vipande vya rangi vilivyopangana, hiki chekundu, hiki cheusi, na hakuna kipande kinachojua kwamba ni sehemu ya ua. Vipande hivyo ndivyo pikseli. Printa inavipenda, kwa maana kazi yake ni kuweka rangi kipande baada ya kipande. Kisu hakiweki rangi. Kisu kinataka kuambiwa kianzie wapi, kipite wapi, kiishie wapi. Fundi wa milango ya kuchonga hashiki patasi mpaka mstari wa penseli uwe umeshachorwa juu ya ubao, na mashine hizi ni vivyo hivyo: bila mstari hakuna kazi.

Mchoro wa mistari huitwa vekta, na faili lake linalokubalika pengi zaidi ni SVG, lililotolewa kama kiwango cha wazi cha intaneti mwaka 2001. Nilimwonyesha jambo ambalo wengi hawajaliona. Faili la SVG ni maandishi. Ukilifungua kwa Notepad, huoni ua bali unaona herufi na tarakimu. M ni kuhama mpaka mahali fulani bila kuchora. L ni kwenda moja kwa moja. C ni kwenda kwa kupinda. Z ni kurudi ulikoanzia na kufunga umbo. Binti akasoma mistari mitatu minne, akasema ni kama kumwelekeza dereva wa bodaboda. Ndivyo hasa.

Ile C ina kisa chake. Kupinda kwa mstari kunapimwa kwa nukta mbili za mwisho na nukta nyingine mbili zinazovuta mstari bila kuguswa nao, kama mtu anayevuta kamba kwa pembeni. Hesabu hiyo ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako walihitaji kueleza mikunjo ya bodi ya gari kwa namba ili bati likatwe sawasawa kila mara. Paul de Casteljau aliifanyia kazi Citroën kuanzia mwaka 1959, lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault alitangaza ya kwake katika miaka ya 1960, na mikunjo hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la Bézier. Nikiona jina la bi harusi linavyozunguka bila kona kwenye manila ya kumeta, nakumbuka kwamba hesabu iliyolizungusha ilitafutwa kwa ajili ya mabati.

Mashine nayo ina lugha yake. Plota nyingi za dukani, zile zinazokata stika za bajaji na maandishi ya vioo, zinaelewa lugha ya HPGL iliyotoka kwa kampuni ya Hewlett-Packard enzi za mashine za kuchora kwa kalamu. Amri zake mbili za msingi ni PU, inua kalamu, na PD, shusha kalamu. Kipimo chake ni milimita 0.025, maana yake kila milimita moja imegawanywa mara 40. Kalamu ikatolewa, kisu kikawekwa, lugha ikabaki.

Kazi tatu ndani ya jina moja

Hapa ndipo mkanganyiko wote ulipo, na ningetaka mtu alielewe hili hata kama ataacha mengine. Tunasema "programu ya mashine" kana kwamba ni kitu kimoja. Zimo kazi tatu. Ya kwanza ni kuchora, yaani kupata mistari. Ya pili ni kuitayarisha mistari hiyo ikatike: kuiunganisha, kuipima, kuigeuza, kuipanga juu ya karatasi. Ya tatu ni kuiamrisha mashine, yaani kutafsiri mistari kuwa inua kisu, shusha kisu, nenda kule kwa kasi hii na mkandamizo huu.

Programu nyingine hufanya zote tatu. Nyingine ni hodari katika ya kwanza na ya pili lakini haijui kuzungumza na mashine yako. Nyingine ina ufunguo wa kazi ya tatu peke yake, na kwa kuwa ina ufunguo huo unalazimika kuipitia hata kama uchoraji wake ni dhaifu. Watu wakigombana kuhusu programu ipi ni bora, mara nyingi mmoja anazungumzia kuchora na mwenzake anazungumzia kuamrisha, na wote wana haki.

Kwa hiyo tulipoanza majaribio hatukuuliza ipi ni nzuri. Tulitengeneza vitu vitatu vya kujaribia, tukavipitisha katika kila programu: mraba wa sentimita 10 kwa 10, jina "Latifa" kwa mwandiko wa kuunganika, na ua la hina alilochora mwenyewe kwa mkono.

Mraba kwanza. Unaonekana kitu cha kitoto, lakini ndio uliotufundisha haraka kuliko vyote. Tuliuchora katika programu moja ukiwa sentimita 10, tukaufungua katika nyingine, ukasoma sentimita 13.3. Yeye alidhani amekosea. Hakukosea. SVG inaweza kuandika vipimo kwa pikseli bila kutaja sentimita, na programu hazikubaliani inchi moja ina pikseli ngapi. Inkscape huhesabu 96. Programu za jadi za wachoraji huhesabu 72. Chukua mraba uliochorwa kwa 96, usomwe na anayehesabu 72, utavimba kwa theluthi moja. Ukirudi upande wa pili, sentimita 10 zinakuwa 7.5. Na Inkscape yenyewe kabla ya toleo la 0.92, lililotoka Januari 2017, ilikuwa ikihesabu 90, kwa hiyo mafaili ya zamani yanaweza kupungukiwa kidogo tu, kiasi ambacho jicho halitambui mpaka kifuniko cha boksi kikatae kuingia.

Dawa ni ndogo. Weka mraba wa kipimo unachokijua pembeni ya kila mchoro. Ukifungua faili kwenye programu nyingine, angalia mraba kabla ya kuangalia ua. Ukiwa umevimba, chagua vyote pamoja, rudisha mraba kwenye sentimita 10, na mchoro utafuata. Kisha ufute mraba.

Jina "Latifa" lilichukua jioni nzima, na lilistahili. Kwenye kioo cha kompyuta mwandiko wa kuunganika unaonekana umeunganika. Mashine inaona vingine. Kila herufi ni umbo lake lililofungwa, na pale L inapoingia ndani ya a, mistari yao inapishana. Ukikata hivyo, kisu kitapita katikati ya maungio na jina litatoka vipande. Inkscape ina namna ya kuonyesha mchoro kwa mistari mitupu bila rangi; ukibofya Ctrl na 5 unazunguka kati ya namna za kuonyesha, na hapo mapishano yote yanajitokeza. Namshauri kila mtu aangalie hivyo kabla ya kukata chochote, maana rangi ndiyo inayoficha makosa.

Kuyaondoa mapishano kunahitaji hatua mbili. Kwanza maandishi yageuzwe kuwa maumbo, kwa Ctrl, Shift na C. Baada ya hapo kompyuta haijui tena kwamba hayo ni maandishi, kwa hiyo hifadhi nakala ya kwanza kando, kwani mteja akisema jina lake lina h mwishoni hutaweza kulihariri. Pili maumbo yaunganishwe kuwa moja, kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Ni kama fundi wa kuchomelea: vyuma viwili vilivyolaliana vinakuwa kimoja, na mstari wa ndani unatoweka. Karibu kila programu ya mashine hizi ina amri hii kwa jina lake. Kama huioni katika programu unayoijaribu, au imefungwa mpaka ulipe, hilo ni la kulipima kwa uzito, kwa maana bila hiyo hakuna jina la keki.

Hata baada ya kuunganisha, nukta ya juu ya i bado inaelea peke yake. Kwenye stika ya kioo haina shida, itabebwa na karatasi ya kuhamishia. Kwenye jina la kuchomeka juu ya keki itaanguka chini mara tu utakapolinyanyua. Tuliishusha ikagusana na mkono wa t, tukaunganisha tena, na chini ya jina tukachora upau mwembamba wa kubandikia vijiti viwili vya mishikaki. Hakuna programu iliyotukumbusha hayo. Kompyuta haijui kwamba karatasi ina uzito.

Maharusi wengi wa pwani huomba majina yao kwa Kiarabu pia, na hapa majaribio ni ya lazima. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na jirani yake na huandikwa kutoka kulia. Programu isiyolijua hilo inazitenganisha moja moja na kuzipanga kinyume, na mtu asiyesoma Kiarabu anaweza kukata upuuzi mtupu na kuupeleka ukumbini. Inkscape huzipanga ipasavyo. Mwenye programu isiyoziweza anaweza kuandika jina huko, akaligeuza kuwa maumbo, kisha akalipeleka likiwa mchoro. Mwombe anayesoma alitazame kabla hujakata.

Ua lake la hina ndilo lililoonyesha tofauti kubwa zaidi kati ya programu na programu. Alikuwa amelipiga picha usiku, chini ya balbu, kwenye ukurasa wa daftari. Tukaiomba programu ifuatishe picha, yaani itafute yenyewe mipaka ya cheusi na cheupe na kuigeuza mistari. Inkscape hutumia kwa kazi hiyo Potrace, chombo kilichotungwa na Peter Selinger na kutolewa mwaka 2001. Ni kazi safi, lakini inafuata inachokiona. Ikafuatisha kivuli cha kidole chake. Ikafuatisha mistari ya daftari. Ukingo wa kila jani ukawa na meno kama ya msumeno na nukta mamia kwa mamia, na mashine ingetetema kwenye kila moja.

Hatukuhangaika kusafisha. Nilimwambia alichore upya kwa kalamu nzito nyeusi kwenye karatasi nyeupe, alipige picha mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na meza. Kuanzia hapo kazi ikawa dakika tano: kusogeza kipimo cha weusi mpaka mistari miembamba isikatike, kufuatisha, kisha kupunguza nukta kwa Ctrl na L mara moja au mbili. Ukizidisha, jani linaanza kuyeyuka, basi unarudi nyuma hatua moja. Katika programu mbili tulizolinganisha, moja ilitupa kitelezi kimoja tu cha kufuatishia, na nyingine ilitupa vitano. Anayeanza hupenda kimoja. Anayechora kwa mkono kila siku atavihitaji vile vitano kabla mwezi haujaisha.

Kuna fumbo ndani ya kufuatisha ambalo linasumbua watu. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita moja, ukifuatishwa, unatoa mistari miwili, mmoja kila upande wa wino. Kwa stensili ya hina hilo ndilo linalotakiwa, kwani ule upana wa wino ndio tundu ambalo hina itapita. Lakini kama umeweka kalamu mahali pa kisu ili mashine ichore kadi, utapata kila kitu mara mbili. Toleo la Inkscape la 1.0, la mwaka 2020, lilileta namna ya kufuatisha katikati ya wino kwa ajili hiyo. Na upo upande wake wa pili: ukichora mstari ndani ya programu na kuupa unene wa milimita tatu, kioo kitakuonyesha utepe, ila mashine itakata mchano mmoja mwembamba katikati. Unene ni rangi tu mpaka uugeuze kuwa umbo, kwa Ctrl, Alt na C. Yeye alipoteza saa nzima kwenye hili peke yake, na sikumsaidia mapema kwa kuwa mambo kama haya yakikupata mara moja hayakurudii.

Kisha yakaja mambo ya stensili yenyewe. Kwenye stensili unachokitoa ni ua, na kinachobaki ndiyo kazi. Basi kila kipande kinachobaki lazima kishikane na mwenzake. Mduara ndani ya mduara utaanguka. Ndani ya herufi kama A, O na R kuna visiwa vinavyoanguka pia. Inabidi kuacha madaraja, vijia vyembamba vinavyokiunganisha kisiwa na bara, na mpambaji anajua ni wapi daraja litafichika na wapi litaharibu ua. Niliona furaha usoni pake alipogundua kwamba hapa ujuzi wake wa hina unahesabika kuliko ujuzi wa kompyuta.

Kuhusu kugeuza mchoro kama kwenye kioo kwa ajili ya vinaili ya kupiga pasi kwenye fulana, nitasema hili tu: upande unaong'aa hulala chini, unakata kwa mgongo, kwa hiyo maandishi yageuzwe. Kila programu inaweza. Kusahau ni kwa mtu.

Kisu kinavyoburuzwa

Kazi ya tatu, kuamrisha, ina undani ambao huwezi kuuona bila mashine, ila ukiujua utaelewa kwa nini programu moja inatoa kona kali na nyingine inatoa kona za mviringo kwa mchoro uleule. Kisu cha kawaida cha mashine hizi hakigeuzwi na mota. Kimewekwa huru, na ncha yake haiko katikati ya mhimili bali nyuma kidogo, kama gurudumu dogo la mbele la toroli ya sokoni linavyojifuata lenyewe. Kikiburuzwa, kinajielekeza. Kikifika kwenye kona, mhimili unageuka lakini ncha bado iko nyuma, na ikiburuzwa hivyohivyo itakata tao badala ya pembe. Programu inayojua umbali wa ncha hiyo huongeza mwendo kidogo: inaupitisha mhimili mbele ya kona, inauzungusha, ndipo inaendelea. Umbali wenyewe ni sehemu ya milimita. Kwenye maandishi makubwa hauonekani. Kwenye jani la hina lenye ncha kama sindano, ndio unaotofautisha jani na yai.

Ndiyo maana mafundi wa stika hukata mraba mdogo wenye pembetatu ndani kabla ya kazi yoyote. Pembe zikiwa butu, kipimo cha ncha ni kidogo mno. Zikitoa vimasikio, kimezidi. Na kama mraba unabanduka lakini karatasi ya nyuma haijachanika, kina cha kisu ni sawa.

Ufunguo uko kwa nani

Baada ya kujua hayo, jioni ya tatu ilikuwa ya kuuliza swali ambalo dukani halijibiwi: ile kazi ya tatu, ufunguo wake anao nani?

Cricut, kampuni ya Marekani iliyoanza kwa jina la Provo Craft, imeweka ufunguo ndani ya Design Space. Michoro yako waweza kuichorea popote, lakini ili ikatwe sharti ipite humo, na ukishaipanga humo huwezi kuitoa tena ikiwa SVG. Ni programu nyepesi kujifunza, pengine kuliko zote tulizojaribu, na mtu anayetaka kukata kadi jioni hiyohiyo ataipenda. Ila inadai akaunti, inategemea sana intaneti, na maktaba yake kubwa ya michoro ni ya kulipia kwa mwezi. Wenye mashine hizo wana kumbukumbu mbili. Mwaka 2018 kampuni ilifunga programu yake ya zamani iliyoitwa Craft Room, na mashine ndogo ya Cricut Mini, ambayo haikuwa na njia nyingine ya kuamrishwa, ikawa haina kazi ingawa mota zake zilikuwa nzima. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba asiyelipia ada ataruhusiwa kupandisha michoro yake 20 tu kwa mwezi. Watumiaji walipaza sauti, na katika siku chache mpango ukafutwa. Ulifutwa, nashukuru, lakini ulionyesha mlango unafungwa na nani.

Silhouette ni tawi la Graphtec ya Japani, kampuni kongwe katika plota. Silhouette Studio hukaa kwenye kompyuta yako na kufanya kazi bila bando. Toleo la msingi ni bure lakini halifungui SVG. Linafungua DXF, aina nyingine ya faili la mistari, ambalo Inkscape inaweza kulihifadhi. Matoleo ya juu hulipiwa mara moja, na la biashara ndilo linalokuruhusu kutoa kazi yako ikiwa SVG. Zaidi ya hapo, watu wa nje wametengeneza njia nyingine za kuziamrisha mashine hizi: ipo nyongeza ya bure inayoiwezesha Inkscape kutuma kazi moja kwa moja, na zipo programu za kulipia kama Sure Cuts A Lot. Brother, kwa ScanNCut, wameweka skana ndani ya mashine, kwa hiyo mchoro wa mkono huingizwa na kukatwa bila kompyuta kabisa. Kwa mpambaji wa hina hilo ni la kutamanisha, na kama fedha zingetosha ningemwambia aifikirie kwa makini. Plota kubwa za maduka ya stika hufuata HPGL, kwa hiyo zinapokea kazi kutoka programu nyingi, CorelDRAW ikiwa mbele. Zinataka nafasi na fundi, si za meza ya chumbani.

Yeye alichagua mashine ndogo ya upana wa sentimita 20 ambayo Inkscape inaweza kuiamrisha. Viganja havihitaji zaidi ya hapo, na maua yake yote angependa yabaki kwenye mafaili anayoweza kuyafungua kesho hata kama mashine itakufa. Mtu wa kadi za harusi mwenye intaneti ya uhakika angeweza kuchagua kinyume chake na asijute.

Ana flashi yenye mafolda mawili. Moja ni la michoro ambayo bado inaharirika, maandishi yakiwa maandishi. La pili ni la yaliyokwisha kuunganishwa na kupimwa, kila faili likiwa na mraba wake pembeni. Ijumaa iliyopita nilimkuta anazungumza kwa simu na mama wa bi harusi aliyetuma picha ya ua kutoka mahali fulani, ndogo na yenye ukungu. "Shikamoo mama. Picha nimeiona, ni nzuri sana," alisema, huku ameshaweka karatasi nyeupe mezani na kalamu nyeusi mkononi. "Hilo nitakuchorea upya. Kesho mchana nitakutumia ulione kabla sijakata."